Foto Niliyoikata kwa Umbo la Moyo

Afadhali niwaambie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wangu, Mangobo, maana kule wameshaitia chumvi hadi wengine wanasema nilichoma sanduku zima la foto za ukoo (si kweli, ilikuwa foto moja, tena nusu yake), na ingawa aibu yenyewe bado ni mbichi kiasi kwamba nikiona mwanamke wa kitenge cha njano sokoni nageuka ghafla kununua kitu nisichokihitaji, naona kuikalia kimya kunaniumiza zaidi.

Bon. Mnajua mimi natengeneza albamu. Si zile kubwa za plastiki za madukani, zangu ni ndogo, zinaingia kwenye mkoba wa mama, nakata karatasi ngumu, naivalisha kitenge, nabandika foto, pembeni naweka utepe na maua ya karatasi na neno moja tamu kwa kalamu ya dhahabu, mtu akifungua machozi yenyewe yanakuja. Nilijifunza kwenye simu, kwa kuangalia video, na tangu nilipotengeneza albamu ya ubatizo wa mtoto wa jirani, bibi zake wote wawili wakalia mbele ya padri, kichwa kikanivimba, nikaanza kujiita artiste.

Basi Tonton Anselme na Tante Philomène wakafikisha miaka hamsini ya ndoa. Tante ni dada ya mama yangu, na Tonton, mume wake, ni mvuvi wa kule kwenye maporomoko, mtu wa maneno machache. Watoto wao wakapanga misa, na baada ya misa chakula nyumbani kwa wazee, ngoma, watu, kila kitu, na mimi (nani aliniuliza?) nikasema, "Albamu niachieni mimi."

Tonton akaniita kwake, akafungua sanduku la chuma, akatoa bahasha, akaanza kunieleza foto moja baada ya nyingine. Sasa mimi simu yangu ilikuwa inalia, kuna bibi harusi alikuwa ananiuliza rangi ya utepe, kwa hiyo kidole kinamjibu bibi harusi na mdomo unamjibu Tonton: "Oui, tonton. Ndiyo, tonton. D'accord, tonton." Nilisikia kitu kuhusu maji, kitu kuhusu mdogo wake, kitu kuhusu Yanonge. Foto ya mwisho aliishika muda mrefu, halafu akanishika na mimi mkono.

"Hii usiipoteze, mama. Iko moja tu."

"Siwezi kuipoteza, tonton."

Na kweli sikuipoteza. Ndugu zangu, kuna mambo mabaya kuliko kupoteza.

Ilikuwa foto nyeusi na nyeupe, kingo zake zimeliwa na unyevu. Tonton kijana, kifua wazi, amesimama juu ya ile miti mikubwa wanayofungia mitego ya samaki, maji yanachemka nyuma yake, na pembeni yake mwanaume mmoja wa kofia, amekunja uso kwa ajili ya jua. Desturi yangu ni kwamba foto ya asili siigusi, naipeleka studio wanaitoa kopi, nakata kopi. Lakini siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, jenereta ya studio ya karibu ilikuwa imekufa, studio nyingine iko mbali, mvua inanguruma, na sherehe ni kesho yake. Nikajiambia, foto ni foto, kopi ya nini, nani atajua? Mengine yote yalitokea hapo, kwenye uvivu huo mdogo tu.

Nikachora moyo nyuma ya foto, nikachukua mkasi. Moyo haukutosha watu wawili. Nikamwangalia yule wa kofia, nikaona ni mpita njia tu, mtu aliyesogea mbele ya foto za wenyewe (wapo watu wa namna hiyo kila harusi), nikamkata. Shida ikabaki moja, alikuwa ameweka mkono juu ya bega la Tonton, na vidole vyake vinne vikabaki pale vyenyewe bila mtu. Nikabandika ua la pinki juu yake. Likapendeza! Nikapiga foto ya ukurasa na simu, nikaweka kwenye status, watu wakanitumia mioyo (mtauliza kwa nini sikupiga foto ile kabla ya kuikata, na mimi najiuliza hivyo hivyo kila nikilala). Makapi nikayakusanya kwenye mfuko, nikampa jirani yangu Mama Beignet, kama kawaida, anakaanga beignets, yale maandazi ya asubuhi, na anapenda karatasi za kuwashia moto.

Siku ya sherehe nilikaa mbele. Nilivaa kama vile ndoa ni yangu. Watu wamekula lituma, ile ndizi ya kutwangwa, na samaki, wamekunywa, albamu imelazwa juu ya meza ya wazee kwenye kitambaa cheupe, na kila anayepita nasema, "Ni mimi niliifanya," hata kwa asiyeuliza. Halafu Tonton akasimama, akachukua micro ya kusemea, na mimi nikajinyoosha maana nilidhani ananisifu.

Akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kimya karibu na mlango. Kitenge chake kilikuwa cha njano, kipya kabisa, bado kigumu, nywele zimesukwa jana au juzi, na miguuni pake kikapu cha samaki wa moshi. Alikuwa amefika asubuhi na mtumbwi wa motor kutoka Yanonge.

"Huyu ni Léonie," Tonton akasema, na sauti yake si ya kawaida. "Mutoto wa mudogo wangu Léon. Maji ya hapa ilimubeba Léon, huyu alikuwa angali mu tumbo ya mama yake. Mama yake akaenda naye kwao Yanonge. Mutoto huyu hajaona sura ya papa yake hata siku moja, hatukujua kama foto iko. Sasa kwa ajili ya hii albamu nilifungua sanduku, nikamukuta Léon. Léonie, kuja. Leo utamuona."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga mawili, nikaacha. Nilikuwa bado sijaelewa kwa akili, lakini mwili ulikuwa umeshaelewa.

Yaya Léonie (kwa umri ni dada yangu mkubwa, ndiyo maana namwita yaya) akaja, akafuta mikono kwenye kitenge, akafungua albamu ukurasa kwa ukurasa kwa heshima, kama mtu anayefungua kitabu cha misa. Akafika kwenye moyo. Tonton peke yake ndani ya moyo, ua la pinki begani.

Tonton akainama. "Léon iko wapi?"

Hapo mtu mwenye akili anapiga magoti. Mimi nikacheka. Wallahi, nikacheka, nikasema, "Ah, tonton, ni surprise! Yaya Léonie nimemufanyia albamu yake peke yake. Iko kwangu."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Tonton akanikumbatia mbele ya watu wote (huyu Tonton ambaye hata mtoto wake sijui kama aliwahi kumkumbatia), akatangaza kwenye micro kwamba Nadège amefanya kazi ambayo hata watoto wake wa kuzaa hawakuifikiria, wanawake wakapiga vigelegele, Tante akasema Mungu anibariki, na mimi natabasamu, jasho linatiririka mgongoni. Nikasema nitaileta kesho. Tonton akasema, "Kesho ya nini? Yeye anarudi kesho asubuhi na mapema. Nenda sasa, sisi tunangoja." Akaita pikipiki. Na kabla sijapanda, yaya Léonie akapanda nyuma yangu.

"Twende wote," akasema. "Siwezi kungoja hapa."

Njia nzima alikuwa ameshika kiuno changu. Aliongea mara moja tu, karibu na sikio langu. "Mama alisema nafanana na yeye hapa kwenye macho. Lakini mama alikuwa anapenda kunifurahisha."

Nyumbani nikamkalisha kwenye kiti, nikampa maji, nikaingia chumbani nikaanza kuinua magodoro. Nilikuwa natafuta nini? Hata mimi sikujua. Nilikuwa natafuta muda. Nikaangalia chini ya kitanda, kwenye kopo la tepe, ndani ya viatu. Mwisho nikatokea mlango wa nyuma, nikavuka mbio kwa Mama Beignet, nikadhani niko peke yangu.

"Mama, ule mufuko wa makaratasi wa jana, uko wapi?"

Mama Beignet alikuwa anaosha sufuria yake, ana furaha. "Yale makaratasi? Mama, Mungu akulipe! Makala ya jiko ilikuwa na maji, moto ilikataa kabisa, yale makaratasi yako ndiyo iliniokoa. Ata ile ya foto iliwaka muzuri, kama mafuta."

"Foto gani?" Sauti ilitoka nyuma yangu. Yaya Léonie alikuwa amenifuata na glasi yake ya maji mkononi.

"Mutu mumoja wa kofia," Mama Beignet akasema, bila ubaya wowote. "Nilimuangalia kidogo. Mutu wa sura muzuri."

Nawaambia, kama ardhi ya Mangobo ingepasuka siku ile, ningeingia bila kuuliza kina chake. Maana hebu oneni! Mwanamke anayekaanga beignets alimwona Léon, mimi niliyemkata sikumwangalia, na mtoto wake mwenyewe amesimama pale na glasi. Nikasema, "Yaya, hakuna albamu. Nilidanganya. Nilimukata nikidhani ni mupita njia." Hakunitukana. Aliweka glasi juu ya meza ya Mama Beignet, taratibu, akamuuliza, "Sura ilikuwa namna gani?" Mama Beignet ndipo akaelewa kuna kitu, akashika mdomo. Akajaribu kukumbuka, maskini, akasema alikuwa na shavu pana, akasema alikuwa kama anataka kucheka, halafu akaanza kulia.

Tukarudi na pikipiki ileile. Muziki ukazimwa tulipoingia, watu wakasimama ili waone vizuri, na mmoja akaniwekea micro mkononi kabla sijasema hapana. Donc niliisema kwenye micro. Spika zile kubwa, mtaa mzima unasikia.

"Nilimukata."

"Ulimukata nani?" Tante akauliza.

"Léon, tante."

"Na kipande?"

"Kiliwasha moto wa beignets."

Halafu mama mmoja mzee, aliyemjua Léon, akaweka mikono kichwani akaanza kilio, mwingine akampokea, wa tatu naye, na jubilei ikageuka matanga mbele ya macho yangu, watu wanamlia Léon upya kana kwamba mto umemchukua jana. Tonton hakulia. Alikaa, akavuta albamu karibu, akaanza kuling'oa lile ua la pinki kwa ukucha, polepole, karatasi isichanike. Vidole vinne vikatokea.

"Huu mukono ni yake," akamwambia Léonie. "Alikuwa ananishika hivi, mara zote. Nilikuwa namuambia niachie, iko joto."

Yaya Léonie akasogea. Akaweka kidole chake kimoja karibu na vile vidole, bila kuvigusa.

Na mimi, jamani, mimi mwenye kichwa hiki, nikaona sasa ndipo ninaweza kurekebisha! Nikafungua mkoba, nikatoa mkasi, nikasema, "Yaya, nikukatie kipande hapo kwenye mukono, uende nacho?"

"APANAAA!"

Parcelle nzima, kiwanja chote. Wazee, watoto, wapishi kule nyuma, mpaka mtu wa muziki. Mtu mmoja akaninyang'anya mkasi. Tonton akainua uso, akasema kwa sauti ya chini, "Nadège. Kaa chini." Hayo tu. Hajawahi kuniambia zaidi ya hayo mpaka leo, na bora angenipiga.

Halafu akaifunga albamu, akamwangalia Tante, Tante akakubali kwa kichwa, akaiweka mikononi mwa Léonie. Yote. Ubatizo wa watoto wao, harusi yao, miaka yao hamsini, vyote vikaenda Yanonge kwa ajili ya vidole vinne.

Asubuhi nikaenda mtoni, pale mitumbwi inapopakia, kumwomba msamaha kabla hajaondoka. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Nikamkuta amekaa juu ya gunia, albamu imefungwa ndani ya kitenge kile cha njano, yeye amevaa nguo ya zamani ya safari. Hotuba ikanipotea yote, nikapiga magoti, nikabaki nasema, "Yaya, nisamehe, yaya, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Haukumuua wewe. Maji ndiyo ilimuua." Mtu wa mtumbwi akaita abiria, yeye akainuka. "Lakini nilikuwa nimevaa vizuri kwa ajili yake."

Akapanda. Hakugeuka, na mimi nikabaki pale na magoti yamejaa matope.

Tangu hapo nimeapa kwamba foto ya asili sitaitia mkasi tena, hata umeme ukatike mwaka mzima, na sasa mtu akiniletea bahasha naweka simu chini, nauliza huyu ni nani na huyu ni nani, hata yule aliyegeuka mgongo, hata mkono usio na mwenyewe, mpaka wateja wengine wanachoka wanachukua foto zao wanaenda kwingine. Waende. Mtaani nimepewa jina, wananiita Mama Makasi, kwa ajili ya mkasi ule. Wanaoongea Lingala tu, kwao *makasi* ni nguvu, wanadhani ni sifa, wananisalimia kwa heshima kabisa, "Mama Makasi, mbote!" Na mimi naitikia haraka, napita.