Nusu Saa ya Pamela

Kila siku saa kumi na moja alfajiri Pamela alikuwa na nusu saa ya hesabu. Yaani alikuwa nayo kwenye karatasi aliyoibandika ukutani, juu ya cherehani yake, hapo Matogoro. Maishani hakuwa nayo. Akiwa na miaka thelathini na miwili na mtoto aitwaye Leo, alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne kwa somo moja lililomwangusha, na chuo alichokitaka kilishamwambia bila hesabu asipoteze nauli. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mtihani ulibakiza miezi miwili.

Basi afungue daftari tu: "Hodi!" Ni jirani, anaomba moto. Na moto hauombwi hivi hivi: habari za kulala, watoto, mahindi, yule mgonjwa wa Madaba anaendeleaje. Afunge mlango: "Hodi!" Ni Mzee Dastan wa jumuiya, anapita tu kusalimu. Shikamoo baba, karibu, keti, uji huu hapa. Kupita gani huko kwa dakika arobaini! Akahamia saa kumi. Nao walipoona taa wakahamia saa kumi. Siku aliyojaribu kunyamaza, jirani alizunguka mpaka dirishani kuuliza kama kuna msiba. Pamela alitamani kulia kwa hasira.

"Watanifelisha kwa salamu, mama," alimlalamikia mama mkwe wake, Bibi Ida, aliyekuja kunywa uji akitoka misa ya kwanza.

Kesho yake Bibi Ida misa hakwenda. Alikuja gizani na kigoda, akaketi nje ya mlango, kajifunika kitenge mpaka masikioni kwa baridi. Kila aliyefika alipokewa naye. Watoto, mahindi, mgonjwa wa Madaba, yote aliyajibu yeye.

"Mama Leo anasoma. Salamu nipeni mimi."

Ndani kimya. Pamela akalitazama swali la kwanza. Akalitazama tena. Akainuka kufagia sakafu aliyokwisha kuifagia. Akapanga nyuzi. Mara akajikuta mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Unataka nini?" Bibi Ida aliuliza kutoka nje.

"Nilidhani unasikia baridi, mama. Nikuletee uji?"

"Baridi naisikia sana. Rudi ukasome."

Pamela alirudi. Swali lilikuwa palepale, gumu vilevile, na safari hii hapakuwa na jirani wa kumsingizia.