Mwalimu Modest na Dakika Arobaini za Bure

Kijiji kizima cha Maretadu kinajua kwamba ukitaka sherehe yako iishe mapema, usimpe Mwalimu Modest kipaza sauti. Kwenye harusi ya dada yake mwenyewe alitambulisha wageni mpaka wali ukapoa, ukapashwa moto, ukapoa tena. Si mtu mbaya. Anaamini tu kwamba mgeni asiyetambulishwa ametukanwa, na wale wanaosema "itifaki imezingatiwa" halafu wakaendelea na mambo mengine anawaona wavivu.

Shuleni anafundisha Historia na Kiswahili, na tabia hiyo isingemdhuru mtu kama mwalimu wa Fizikia asingehamishwa. Kidato cha Tatu wakamaliza muhula mzima bila kipindi hata kimoja, na mkuu wa shule, Mama Fransiska, akaanza kusema somo lenyewe lifutwe. Modest roho ilimuuma. Akamkumbuka Zulfa, binti wa mfanyabiashara wa Dongobesh, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa anafundisha Fizikia Mbulu mjini. Ipo programu ya bure ya mikutano ya video: Zulfa angekaa kwake Mbulu, darasa limwone ukutani kwa projekta. Ila ubure wake una mpaka. Dakika arobaini zikitimia, inajikata yenyewe.

"Nakupa Jumanne moja," Mama Fransiska akamwambia. "Watoto wakifaulu jaribio la maswali kumi mwishoni, tunaendelea. Wakishindwa, projekta inarudi kabatini na Fizikia tunaifuta."

Mtu mwingine angewasha laptop, watoto wakafundishwa. Modest akaalika bodi ya shule.

Saa tatu kamili sura ya Zulfa ikatokea ukutani, kubwa, imetabasamu. "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba mwanangu! Darasa, simameni!"

Wakasimama, wakaamkia, wakaimba wimbo wa kukaribisha wageni, beti zote nne. Ikasomwa sala. Kisha Modest akaibeba laptop mikononi kama mtoto wa kubatizwa, akaizungusha mbele ya kila mgeni ili Zulfa amwone na kumwamkia. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Gidabuday, akauliza hali ya mvua Mbulu, alikotoka jana yake. Mwishowe Zulfa akashika kalamu. "Haya, Kidato cha Tatu. Umeme ni..."

Ukuta ukawa mweupe.

Modest akaunganisha upya haraka. Sasa, mtu akiondoka akarudi, huko kwetu huwezi kumkalia kimya. Darasa likasimama, likaamkia. Modest akaomba radhi kwa bodi, akaomba radhi kwa Zulfa, akamwomba Mzee Gidabuday apokee radhi hiyo kwa niaba ya wengine, naye akaipokea kwa hotuba. Mama Marieta wa kamati ya wazazi akaingia amechelewa, na asingeweza kukaa bila kutambulishwa. Mlinzi akaitwa kwa sababu alikuwa hajatambulishwa mara ya kwanza. Zulfa akachora betri. Akachora na waya nusu. Ukuta ukawa mweupe.

Mama Fransiska akanyanyuka, akaanza kuikunja waya ya projekta.

Simu ya Modest ikaita. "Mwalimu," Zulfa akasema kwa upole, "saa tano na robo nina kipindi changu. Naweza mara moja tu tena."

Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tatu. Modest aliwatazama watoto, thelathini na wanane, madaftari wazi, wameandika tarehe tu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Aliyekuwa anaifuta Fizikia si Mama Fransiska. Ni yeye.

"Mama, nakuomba, mara moja," akasema, akaichomeka tena waya ya projekta, akabofya.

"Shikamoo mwalimu," Zulfa akasema.

Midomo ya Modest ikacheza. Jasho likamtoka, na Maretadu ile ni baridi. Mzee Gidabuday akaanza kunyanyuka ili asalimie. Modest akamwekea mkono begani, akamkalisha.

"Itifaki imezingatiwa!" akapiga kelele. "Fundisha!"

Bodi nzima ikashtuka. Zulfa naye alishtuka, lakini akafundisha. Betri, waya, balbu, swichi. Watoto waliandika kama wanaokimbizwa. Katikati Mzee Gidabuday akanyoosha mkono. "Betri za redio yangu zikiisha nguvu, nikizianika juani zinafufuka. Kwa nini?"

"Nani atamjibu?" Zulfa akauliza.

Msichana mmoja, Judica, akasimama. "Shikamoo babu, kwa heshima na taadhima..."

"Jibu!" Modest akasema.

"Joto linaamsha kemikali zilizobaki, babu. Ila ni kidogo, zitakufa tena."

"Ndivyo zinavyofanya," mzee akakiri.

Zulfa alimaliza zikiwa zimebaki dakika mbili. Jaribio likafanyika, Mama Fransiska akasahihisha palepale: thelathini na mmoja walipata saba na kuendelea. Modest alitaka kulia, akajikaza kwa sababu ya bodi.

Mama Fransiska akamwita pembeni. "Fizikia inabaki," akasema. "Zulfa atafundisha kila Jumanne na Alhamisi, saa tatu."

"Asante sana, Mama. Nitaandaa utambulisho mfupi..."

"Darasa litafunguliwa na Judica," Mama Fransiska akasema. "Wewe hutaingia."