CD tupu niliyoisifia kila Jumapili

Jamani, leo nimeumbuka mlangoni kwangu mwenyewe.

Mama Neema, mwalimu wa kwaya yetu hapa Kwihara, kaja na mfuko wa CD.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kukubadilishia ile CD ya kwaya. Kumbe fundi wa studio alitukabidhi zote tupu, hazina hata wimbo mmoja."

Tupu!

Na mimi kila Jumapili namwambia, "Mama, ule wimbo wa tatu unanitoa machozi."

(Deki sina. CD niliinunua ili kwaya isikose wateja. Nyimbo nasikiliza kwenye simu, kama nyie.)

Nikamletea kasha. Nailoni yake haijachanwa hata kidogo.

Akaligeuza, akanitazama.

"Nimepita nyumba zote. Aliyeniambia haiimbi ni bibi mmoja tu. Wengine wote mmebarikiwa."

(Wabarikiwa wenzangu, jitokezeni hapo chini.)

Kwa aibu nikamwomba aniimbie huo wa tatu.

Akauimba palepale, mfuko mkononi. Kumbe alimtungia marehemu mumewe.

Machozi yakanitoka kweli.

Safari hii hakuniamini.