Chenga na Mkono wa Kushoto

Tangu nirudi kutoka Gambia nimekuwa mtu wa kuulizwa. Pale kwenye meza yangu ya mchele, sokoni Kibiti, mtu anakuja kununua kilo moja tu, halafu anavuta kigoda. Kule kukoje? Mtu anakwenda na nini? Nami sina hiyana, naeleza. Chanja homa ya manjano mapema, na kadi yake uiweke pamoja na pasi, usiizike ndani ya begi. Beba nguo za pamba, pana, za kukusitiri. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Na salamu usizikimbie: atakuuliza nyumba, watoto, kazi, kisha ataanza tena na nyumba. Mtu wa Rufiji hapo hapati taabu, maana hata sisi tukianza kuamkiana chai inapoa.

Ila mimi, ingawa uwanja wa ndege nilisema ni mtalii, nilikuwa nimetumwa. Mdogo wangu wa mwisho aliolewa na Mgambia aliyekutana naye kazini Dar es Salaam, akamfuata kwao. Mama yetu, anayeishi Maparoni kwenye delta ya Rufiji, hakuwahi kuipenda safari ile. Shemeji aliponitumia tiketi, mama alinifungia kamba wakavu kwenye kanga, akanipa na maneno.

"Nenda kamtazame mwenzio. Simu inaficha. Tazama wanavyomweka, uje unambie kweli. Kama wanamdharau, rudi naye. Kwao hakujafungwa."

Basi nilifika na macho yangu yote. Mchana wa kwanza likaletwa bakuli kubwa, wali uliopikwa chungu kimoja na samaki na mboga, wanawake tukakaa kulizunguka. Nikatia mkono, nikatazama vizuri. Chenga, punje zilizovunjika! Mimi nauza mchele, chenga naijua hata gizani. Kwetu tunaipepeta, tunaitenga, wanakula kuku. Sasa mgeni katoka huko kote unampa chenga? Nikamwangalia mdogo wangu, anakula kwa raha zake. Nikasema moyoni, maskini, wameshamzoesha. Mama mkwe wake, bibi mnene mwenye kicheko cha karibu, akawa anamega samaki na kuniwekea upande wangu. Nikala samaki wake na hasira zangu.

Kesho yake nikadai kupelekwa sokoni. Nilikuta magunia ya chenga yamepangwa mbele, watu wanayagombea, na mchele mzima umekaa nyuma hauna mwenyewe. Nikauliza kulikoni. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, hii ndiyo wanayoitaka. Mama mkwe anasema mchele mzima haunywi mchuzi."

Nikaingiza mkono gunia moja baada ya jingine, nikanusa, nikatafuna punje mbichi. Mfanyabiashara mzima, na sikuwahi kujiuliza chenga inaweza kupendwa na nani. Nikaona haya, na palepale hamu ya kujua ikanishika. Nikataka kuona kila kitu. Nikapelekwa mtoni, nikakuta mikoko ileile ya kwetu, lakini wakati sisi tunakata boriti, wanawake wa kule wanabandua chaza kwenye mizizi yake, mikono wameifunga vitambaa wasikatwe. Niliuliza maswali mpaka mdogo wangu akachoka kutafsiri. Na ukialikwa chai yao ya kijani, usiwe na miadi mingine. Inapikwa mara tatu; ya kwanza chungu kama mwarobaini, ya mwisho tamu, na hairuhusu haraka.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshapanga ripoti ya mama: mtoto wako kanenepa, anasikilizwa, ametulia. Gari linangoja, ukoo mzima umesimama uani. Mama mkwe akanisogelea. Akauficha mkono wa kulia ndani ya mtandio wake, akaninyooshea wa kushoto.

Damu ilinipanda. Kwetu mkono huo una kazi yake chooni, na mtoto akipokelea nao kitu anapigwa kofi. Tena mbele ya watu wote! Nikaikunja mikono yangu kifuani.

"Nimeona," nikamwambia mdogo wangu. "Kafunge mizigo yako, tunaondoka wote."

Bibi wa watu mkono wake ukabaki hewani. Kicheko kilimtoka usoni, akaanza kumtazama mkwewe kwa wasiwasi.

"Dada, mpe!" mdogo wangu akanishika bega. "Mpe wa kushoto. Anakukosea makusudi. Wa kulia ni wa kila siku. Mtu wa safari ya mbali wanampa huu, ili libaki kosa kati yenu. Kosa hilo halitengenezwi mpaka muonane tena. Anakwambia urudi."

Nikautoa. Mkono wa kushoto hauna mazoea, tulishikana ovyo kama watoto, lakini alinibana kwa nguvu na hakuniachia upesi. Nililia mpaka ndani ya gari.

Nilipofika Maparoni mama alikuwa ameshatandika mkeka. Nikamweleza yote kwa utaratibu. Kwenye chenga alicheka, akasema basi kuku wetu nao wana akili. Nikamwambia mtoto wake anaheshimiwa, akashukuru Mungu. Kisha nikafika kwenye mkono. Hapo akaacha kucheka, akanitaka nirudie.

"Wanamuaga mtu kwa wa kushoto ili arudi?"

"Ndiyo, mama."

Akaitazama mikono yake mapajani, akaigeuzageuza.

"Mie siku ile mdogo wako anaondoka nilimpa wa kulia," akasema. "Tena nikautoa upesi, maana nilikuwa na hasira naye."