Viatu Chini ya Mteremko

Fundi wa gari langu kuukuu haulizi limeharibika nini. Huweka kiganja juu ya boneti, hufumba macho, kisha hunung'unika, "Ni ileile, mama." Injini imechemka tena, breki zimelegea tena. Akimaliza kutengeneza, huvua viatu vyake anavyovipaka rangi kila asubuhi, huvipanga chini ya mteremko, nami huteremka na gari nikikanyaga breki, tuone kama zitashika kabla ya kuvifikia. Jozi mbili nimeshaziponda, hajawahi kunilaumu. Leo aliposikia nawapeleka watoto wangu mbali, mji wa Mutshatsha, hakuvua viatu. Alisimama pale mwenyewe, akafumba macho, akaniita nije. "Kuya, mama, usiogope!" Nikateremka, nikakanyaga. Gari likasimama hatua moja tu kutoka magotini pake. Akafumbua macho, akashusha pumzi, akacheka. "Sasa beba batoto."