Phelista na Kompyuta ya Ghorofani

Absalom Wakoli alifungua chuo chake cha kompyuta mjini Bungoma mwaka wa 2001, na chuo hicho kilikuwa na kompyuta moja. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Gurdev, chumba kimoja chenye madawati manne na pazia la maua dirishani. Dada yangu Phelista Nasimiyu alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani Kibabii miaka miwili akipalilia mahindi ya Baba. Mimi ni Viola, mdogo wake. Wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza.

Kompyuta yenyewe haikufanana na hizi mnazozijua. Skrini, kibodi na mahali pa kutia kanda vyote vilikuwa sanduku moja, kubwa, rangi ya maziwa yaliyoungua, na uzito wake ni wa watu wawili kubeba. Ilitengenezwa ng'ambo miaka ya sabini kwa ajili ya wahandisi. Wakoli alikuwa tarishi katika ofisi ya wapima ardhi, na ofisi ilipouza vitu vyake vikuukuu kwa mnada akaichukua pamoja na viti viwili. Kazi kubwa ya mashine hiyo ilikuwa kuchora. Uliipa namba: anzia hapa, chora mpaka pale. Neno la kuanzia lilikuwa MOVE, la kuchora DRAW. Mstari ulitokea kijani, mwembamba kama uzi, na ukishatokea ulikaa. Hukuweza kufuta mstari mmoja. Ukikosea uliandika PAGE, skrini nzima ikamweka kijani kama radi, kila kitu kikapotea, na ukaanza upya.

Phelista aliipenda mashine ile kuliko alivyowahi kupenda mtu. Nasema hivyo kwa sababu niliona. Jioni alikuwa akikaa kando ya ghala na daftari la hesabu lenye vyumba vidogo vya mraba, anachora kwa penseli, halafu anahesabu vyumba na kuandika namba. Siku moja ya Jumamosi alinipeleka nikaone. Aliandika namba kwa dakika arobaini bila kukosea, na shamba letu likatokea mbele yangu: mto, zizi, nyumba ya Baba, jiko, hata kaburi la Kukhu, bibi yetu, nyuma ya migomba. Wakoli akafungua dirisha akaita watu wa barabarani. Gurdev mwenyewe alipanda ngazi, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Wakoli, huyu msichana ana kichwa."

Mwisho wa mwaka alipata cheti chenye muhuri mwekundu. Baba yetu, Mzee Wangila, alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili ile alikisoma mbele ya watu, neno kwa neno, pamoja na namba ya sanduku la posta. Tukachinja mbuzi.

Januari akaitwa Kitale kwa mahojiano. Mtu aliyeitwa Gurpreet alikuwa akiuza mbegu na mbolea huko, na alitaka karani wa kompyuta. Phelista alivaa sketi yangu ya shule kwa kuwa yake ilikuwa na kiraka.

Msimamizi wa ofisi, Jepkemboi, alimweka mbele ya kompyuta na kumpa barua iliyoandikwa kwa mkono. "Piga hii. Halafu unichoree jedwali la bei hapo chini. Uko na nusu saa."

Skrini ilikuwa nyeupe. Phelista hakujua kama imewaka sawasawa au imeharibika. Aliona kile kidude chenye waya pembeni ya kibodi na akadhani ni sehemu ya simu. Barua aliipiga vizuri, maana herufi zilikuwa mahali pale pale. Lakini alipofika kwenye jedwali akafanya alilolijua. Akaandika MOVE 20,20. Akaandika DRAW 20,80. Akangoja mstari. Yale maneno yakabaki maneno. Akadhani amekosea namba, akaandika tena, na tena, mpaka ukurasa ukajaa. Mwishowe akaandika PAGE ili afute, na hilo nalo likakaa pale pamoja na mengine.

Jepkemboi aliporudi alisoma kwa sauti. Kisha akaita, "Nyinyi! Kujeni muone mtu wa Bungoma anachora na mdomo!" Wakaja makarani watatu na mtu wa stoo. Wakamuuliza amesomea wapi. Akawaambia, akatoa cheti. Kikapita mkono hadi mkono. "Huyu ameibiwa, bana," mtu wa stoo akasema, na hata yeye alikuwa anacheka. Jepkemboi akachapa ule ukurasa kwenye karatasi na kuubandika ukutani, karibu na kalenda, Phelista akiwa bado amekaa kitini.

"Madam, naomba mnirudishie cheti," akasema.

"Chukua. Ukifika kwenu, fungia chumvi humo ndani."

Hakuja nyumbani moja kwa moja. Alienda kwa Wakoli, akapanda ngazi zile, akamkuta anakula viazi. Alimweleza yote. Wakoli hakuacha kutafuna.

"Sikiriza," akasema. "Mimi nilisema nafundisha kompyuta. Hii ni kompyuta ama ni cherehani?"

"Ni ya zamani, Principal. Hakuna mtu anaitumia."

"Wewe unaitumia. Na unaitumia kunishinda mimi." Akafuta mikono kwa gazeti. "Yule mwalimu aliyewafundisha ameenda. Kuja ufundishe. Utaambia baba yako nini leo? Utamwambia ulichekwa?"

Baba alikuwa akingoja njia panda, amevaa koti. Alimuuliza, "Wamekuchukua?" Phelista akajibu, "Hapana, Baba. Chuo kimenichukua. Nitakuwa mwalimu." Baba akainua mikono yote miwili na kumshukuru Mungu pale barabarani, watu wakipita. Tangu siku hiyo alimwita Mwalimu, hata mezani, hata alipotaka maji.

Alifundisha karibu miaka minne. Alikuwa mwalimu mkali. Aliyesahau koma kati ya namba alipigwa rula kwenye vidole, wanaume kwa wanawake. Wanafunzi walitoka Kwanza karibu na Kitale, walitoka Chwele na Webuye, wakapanga vyumba mjini, wakala uji mtupu mchana ili wakae mbele ya skrini ile kwa zamu, robo saa kila mmoja. Wakati huo saiba, maduka ya intaneti, zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini, na wengine waliona. Mmoja aliwahi kuuliza, "Mwalimu, mbona za huko chini ziko na kapanya ka waya ka kushika mkononi?"

"Hizo ni za kuchezea," Phelista akasema. "Hii ni ya kazi. Nyosha vidole."

Wakoli alisimama mlangoni akicheka. Darasa zima likamcheka yule aliyeuliza.

Nilimaliza shule mwisho wa 2004. Mimi nilitaka uuguzi. Baba akaamua niende kwa dada yangu, kwa nini tutafute mbali ilhali mwalimu tunaye nyumbani? Asubuhi moja tulikuwa tukipanda maharagwe, Phelista anachimba mashimo, mimi natia mbegu. Nikamwambia, "Dada, si uongee na Baba? Wewe anakusikia. Mwambie kompyuta siiwezi."

Aliendelea kuchimba. Alichimba mashimo sita au saba kabla hajanijibu. "Baba ameshasema," akasema.

Basi nikakaa katika dawati la mbele miezi minane. Alinipiga rula kama wengine. Nilijifunza kuchora duara kwa mistari sabini na miwili. Nilichora Mlima Elgon, nikasifiwa.

Ilikuwa Septemba, siku ya soko, Bindu aliponiita. Bindu alikuwa mkwe wa Gurdev, ndiye aliyeshika duka siku hizo, na karani wake alikuwa mgonjwa. "Wewe si unasoma hapo juu? Kuja unisaidie kupiga orodha ya mabati." Nikaingia nyuma ya kaunta nikiwa na furaha kabisa. Nikakaa mbele ya kompyuta yake. Nikaangalia. Nikaweka vidole juu ya kibodi na sikujua la kufanya.

Bindu alinitazama. Hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. "Kwani dada yako hajakuonyesha?" akauliza.

"Hii si ndiyo ya kuchezea?"

"Nani amekuambia hivyo? Viola, dada yako anaijua hii vizuri kunishinda. Nilimfundisha mimi, hapa hapa, kila Jumamosi baada ya kufunga, mwaka mzima. Aliniomba nisimwambie Wakoli."

Nilipanda ngazi. Wanafunzi walikuwa wameenda kula. Phelista alikuwa akifuta skrini kwa kitambaa chake kidogo cha bluu. Nikamuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli.

"Na ukaniweka hapa?"

"Ningekuambia, ungenyamaza?"

"Singenyamaza."

"Ndiyo hiyo sasa," akasema, na kurudi kufuta. Kisha akaongeza, sauti imeshuka, "Kila mwezi nilisema mwezi ujao nitawaambia. Halafu Baba ananiita Mwalimu."

Angelia, labda ningemhurumia. Hakulia. Mimi nikahesabu siku hadi Jumapili.

Kanisani kwetu kuna wakati wa ushuhuda. Nilisimama. Phelista alikuwa kwenye kwaya, Baba kiti cha mbele na Biblia gotini. Nikasema yote: Kitale, Jepkemboi, karatasi ya ukutani, mambo ambayo Bindu aliyasikia kwa Phelista mwenyewe akanisimulia, Jumamosi za dukani, wanafunzi waliotoka Kwanza na uji wao. Nilisema polepole ili hata wazee wa nyuma wasikie. Nilimtazama Baba wakati wote. Alianza kufungua kurasa za Biblia kama mtu anayetafuta mstari, akafungua, akafungua, na hakusimama pahali. Kwaya ikasogea, kidogo kidogo, mpaka Phelista akabaki amesimama peke yake.

Jumatatu, habari ikiwa imeenea, Wakoli hakuonekana. Wengine walisema ameenda kwa shemeji yake, wengine Uganda. Phelista alifika kazini saa mbili kama kawaida, kwa hiyo yeye ndiye wazazi wa wanafunzi waliyemkuta. Mtu mmoja wa Kwanza, Kemboi, alikuwa na binti pale kwa mwaka na nusu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, toa hiyo kitu hapa. Hatutaki kuiona tena huko juu."

"Ni ya watu wawili," Phelista akasema. "Mnisaidie."

"Uliwadanganya watoto wetu ukisaidiwa na nani?"

Phelista akaichomoa waya. Akaikumbatia, skrini ikiwa kifuani, na kuanza kushuka. Ngazi za Gurdev ni nyembamba na hazina mahali pa kushika. Watu walikuwa wamejaa chini na juu. Mimi nilikuwa katikati, nimeegemea ukuta. Aliponifikia alisimama. Jasho lilikuwa limemwingia machoni.

"Viola, shika upande huu," akasema. "Kidogo tu."

Nilijibana ukutani ili apate nafasi ya kupita.

Alianguka ngazi chache kabla ya kufika chini. Mashine ilimtangulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa chini yake ilipotua. Kioo kilipasuka kwa mshindo kama bunduki, watu wakakimbia hadi barabarani. Bindu ndiye aliyeinua sanduku, yeye na mtu mmoja wa mkokoteni. Vidole vitatu vilikuwa vimeelekea ambako vidole havielekei.

Baba hakumruhusu kurudi nyumbani kutoka hospitali. Alituma nguo zake kwa mfuko wa mbolea. Phelista akaenda Kitale, akapanga chumba Kibomet, akafua nguo za watu kwa mkono mmoja na nusu. Kazi ya kompyuta hakuitafuta tena, vidole havikunyooka. Mimi, Bindu aliniajiri. Alinifundisha mwenyewe, Jumamosi baada ya kufunga.

Baba aliugua mwaka wa 2009. Wiki mbili za mwisho aliuliza mara mbili, "Mwalimu yuko wapi?" Mara ya kwanza nilisema ana kazi nyingi. Mara ya pili nilimpa maji, akalala. Kibomet si mbali. Ningeweza kutuma ujumbe. Nambari yake nilikuwa nayo kwenye simu.

Baada ya mazishi nilienda mwenyewe kumwambia. Nilimkuta uani akianika shuka, anabana vibanio kwa meno kwanza ndipo avipeleke kambani. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa heshima, kama mteja.

Nikamwambia Baba amefariki, na tumeshamzika tangu Ijumaa.

Alikaa juu ya karai lililopinduliwa. Shuka lilikuwa likichuruzika juu ya mabega yake na hakusogea.

"Aliniulizia?" akasema.

Nilimwambia hapana. Akatingisha kichwa polepole, kama mtu aliyetarajia hivyo, akainuka, akaniuliza kama nimekula.