Taa ya Bafu la Mama

Bafu la mama yangu kule Ihanda liko nje, hatua kama ishirini kutoka mlango wa jikoni, nyuma ya migomba. Miezi ya mvua ukungu hushuka mapema, jua likiwa bado halijazama, ukatanda juu ya mibuni mpaka bafu lisionekane kabisa. Ukisimama jikoni unasikia tu maji yakimwagika, kana kwamba kuna mtu anaoga ndani ya wingu.

Umeme ulipofika kwetu, nilitaka mama awe na taa kule. Mimi nashona nguo Tunduma, na taa niliichagua kama ninavyochagua kitambaa, kwa macho. Kioo chake kilikuwa kama ua lililochanua likitazama juu, ukingo wake wa rangi ya dhahabu. Fundi aliyekuja kuifunga aliigeuzageuza mkononi.

"Hii si ya sebuleni, dada?"

"Ifunge tu juu ya mlango wa bafu," nikamwambia. "Itapendeza."

Ikapendeza kweli. Jioni ya kwanza mama alisimama chini yake na kanga yake begani, manyunyu yakimetameta kwenye nywele zake, akacheka peke yake kama msichana.

Majuma machache baadaye akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, ile taa imenipiga shoti."

Alikuwa ametoka kuoga, mkono umelowa, akashika ukuta. Aliangukia kiuno. "Sijafa," alisema, nadhani ili nisilie. "Ila nimeizima. Kule sirudi tena."

Nilipofika nyumbani nilimkuta anaogea jikoni, ameinama juu ya beseni kando ya mafiga, mlango ameufunga kwa kiti. Nilizima umeme wa nyumba nzima nikaenda bafuni, nikapanda kwenye stuli. Lile ua lilikuwa limejaa maji ya mvua hadi ukingoni. Nondo watatu walielea humo, mabawa yamefunguka, weupe kama petali za maua ya kahawa. Nilibaki nikiwatazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kitu kizuri sana, nami nilikuwa nimekiweka juu ya kichwa cha mama yangu.

Niliporudi Tunduma niliingia duka jingine. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa akimalizia kuzungumza Kibemba na wateja wa ng'ambo ya mpaka. Akanigeukia.

"Taa ya wapi, dada?"

"Ya bafu. La nje."

"Ni mvuke tu, au na mvua inaipiga?"

"Vyote."

"Inaipiga kutoka upande gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafumba macho pale kaunta, nikaiona mvua ya kwetu ikija imelala, kutoka upande wa migomba. Nikamweleza, na habari za ile taa ya kwanza pia. Akaniletea taa ya mviringo, ya plastiki nyeupe, kioo kizito chenye ukungu wake, na ndani ya mfuniko mpira mnene umezunguka wote. Nyuma palikuwa na namba.

"Ukiona sitini na tano, vumbi haliingii, na maji hata yakirushwa hayaingii," alisema. "Yako ya kwanza bila shaka ilikuwa ishirini. Hiyo inazuia kidole tu, maji yanajipitia."

Kisha akaipeleka uani, akaishika chini ya bomba lililofunguliwa lote. Akaifuta kwa gauni lake, akafungua mfuniko, akaniambia niingize kidole. Ndani palikuwa pakavu kama ndani ya sanduku la nguo.

Fundi ni yule yule. Nilimwomba radhi kwa kutomsikiliza. Akatazama chini.

"Mimi ndiye niliyepaswa kukataa," alisema. "Niliona haya kukukatalia."

Safari hii alichimbia ardhini fimbo ya ethi, ya kuupeleka chini umeme uliopotea, akaweka breka inayokata yenyewe umeme ukivuja. Waya akauingiza taani kwa chini, baada ya kuukunja kidogo ili matone yadondokee hapo, yasiufuate hadi ndani. Swichi akaihamishia jikoni, mbali na mikono iliyolowa.

Mama alitazama kazi yote akiwa mlangoni pa jikoni. Jua lilipokaribia kuzama na ukungu kushuka, alisema, "Nenda wewe kwanza."

Nikaenda. Nikaoga. Kisha nikajaza kopo, nikaimwagia taa maji.

"Imezimika?" aliita kutoka jikoni.

"Haijazimika, mama!"

"Mwagia tena."

Nikamwagia tena, mara tatu, nne. Mwanga ulikuwa umeenea kwenye ukungu, laini kama maziwa. Sikuona tena ukuta wala migomba, weupe tu ulionizunguka, na nikahisi ningeweza kukaa humo miaka. Ndipo nikasikia ndala zake zikija polepole kwenye tope.

Alisimama mlangoni. Alinyoosha mkono, akagusa ukuta kwa mgongo wa vidole, kama alivyokuwa akitugusa paji la uso tukiwa na homa. Akasubiri. Akaweka kiganja chote.

"Toka basi," akaniambia. "Nataka kuoga."

Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikisikiliza maji. Alikaa kule muda mrefu kuliko kawaida. Alipotoka, mvuke ulikuwa ukipanda mabegani mwake.

"Maji yalikuwa machache," alisema. "Kesho unichemshie sufuria kubwa."